Mlango wa Dawa na Mlango wa Mgonjwa

Kidole cha Mkenya kimetumwa kazi nyingi katika miaka hii michache. Kilimwandikisha kura mwaka 2012, kikamwandikisha Huduma Namba mwaka 2019, na tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ndicho kinachozidi kuombwa mezani kwa karani wa hospitali ili matibabu yalipiwe. Kutoka mezani hadi mlangoni ni hatua fupi. Kifaa kile kile chenye kioo kidogo, au kamera inayosoma uso, huweza kupachikwa ukutani na kuunganishwa na kufuli, kikaamua nani aingie wodi ya uzazi, nani apite korido ya wagonjwa wa akili, nani afungue bweni la makao ya watoto usiku. Muuzaji hapati taabu kukinadi. Ufunguo hupotea, kadi huazimwa, nambari ya siri hunong'onezwa, lakini hakuna muuguzi anayesahau kidole chake nyumbani.

Hoja hiyo inavutia zaidi katika mji kama Kiminini, kwenye barabara kuu ya Kitale kwenda Webuye, karibu na mpaka wa Trans Nzoia na Bungoma, ambako magari hayakomi na watu wa kaunti mbili huchanganyika sokoni kila siku. Mgonjwa wa hapa hutibiwa papo hapo, au hupandishwa Kitale, au huteremshwa Webuye na Bungoma, na kokote aendako hufuatana na msafara: mama, shangazi, jirani mwenye pikipiki, mchungaji wa kanisa. Askari mmoja wa lango hawezi kuzijua sura zote hizo. Tatizo lipo, wala silikatai. Lakini ukiupima ushahidi wa hapa nchini na wa kwingineko, utaona kwamba hospitali na makao yana milango ya namna mbili. Upo mlango wa vitu, unaolinda dawa, damu, faili na fedha. Upo pia mlango wa watu, ambao nyuma yake amelala mgonjwa, mtoto au mzee. Mlango wa kwanza unaweza kukabidhiwa mashine kwa masharti. Wa pili haufai kukabidhiwa kabisa, na kinachoniongoza kusema hivyo ni jinsi mashine zenyewe zinavyofanya kazi na jinsi milango ilivyowahi kutumika katika nchi hii.

Tuanze na mashine. Haimjui mtu kama askari anavyomjua. Siku ya kuandikishwa husoma mistari ya kidole au umbali kati ya macho, pua na taya, ikageuza yote kuwa mfululizo wa tarakimu uitwao kiolezo. Siku zinazofuata husoma tena na kulinganisha. Usomaji wa leo haulingani sawasawa na wa jana hata siku moja, kwa sababu kidole kimebonyezwa upande, kina jasho, au taa ya korido imehamishwa. Kwa hiyo mashine hujiuliza tu vinafanana kwa kiasi gani, na mwenye mfumo ndiye anayeweka kizingiti. Akikipandisha, wageni watazuiwa pamoja na baadhi ya wenyeji. Akikishusha, wenyeji watapita pamoja na baadhi ya wageni. Hakuna mpangilio unaofuta makosa yote mawili. Tena mezani kwa SHA mashine huambiwa kwanza nambari ya kitambulisho, ikalinganisha mtu mmoja na rekodi moja; mlangoni kwa kawaida huachiwa imtafute mwenye kidole kati ya wote walioandikishwa, na orodha ikirefuka, nafasi ya kukosea hurefuka nayo. Mezani, kukataliwa ni kucheleweshwa. Mlangoni, kukataliwa huenda kukawa ni mkunga kusimama nje ya chumba ambamo mama anavuja damu.

Sasa itazame mikono yenyewe, maana hapa ndipo Trans Nzoia inapotofautiana na ofisi za Nairobi ambazo vifaa hivi vinazifaa. Hii ni nchi ya mahindi na maziwa. Mkono wa mtu aliyepalilia kuanzia mvua za Aprili, akavunja mahindi kuanzia Oktoba, kisha akakaa juu ya gunia akipukuchua magunzi wiki nzima, una ngozi iliyolainika pale gumba linaposukuma punje na kukakamaa pembeni. Mistari ambayo mashine inaitafuta imesuguliwa kama maandishi ya sarafu kuukuu. Uzee huongezea yake: ngozi hukauka, hulegea, hupungukiwa jasho, na kioo hakipati cha kusoma. Jirani zetu wa Uganda wameshaonja matokeo. Mwaka 2021 mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti kuhusu kitambulisho cha taifa, Ndaga Muntu, yakieleza jinsi wazee walivyokosa pesa zao za ruzuku na wanawake walivyokosa huduma za afya kwa sababu ya mfumo huo. Miongoni mwao walikuwamo wazee ambao vidole vyao havikusomeka. Ugonjwa nao hufuta alama. Mwaka 2009 madaktari walichapisha kisa cha mgonjwa wa saratani kutoka Singapore aliyezuiliwa saa kadhaa katika uwanja wa ndege wa Marekani kwa kuwa dawa ya capecitabine ilikuwa imebabua ncha za vidole vyake mpaka hazina mstari. Mtu wa namna hiyo huonekana mara chache benki. Hospitalini ndipo nyumbani kwake.

Atasema mtu kwamba mlango utafunguliwa na wafanyakazi, wala si wagonjwa. Basi tuitazame mikono ya wafanyakazi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mhudumu asafishe mikono katika nyakati tano, zikiwemo kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Kila kunawa huiacha ngozi na maji au spiriti, na msafishaji anayeshika klorini kutwa nzima ana vidole vilivyochunika kuliko vya mkulima. Aliyevaa glavu hana budi kuzivua ndipo mlango umtambue, kisha avae nyingine. Na kile kioo, ambacho kila mtu wa wodi amekigusa, kinakuwa kitasa kipya kisichofutwa. Ndiyo maana wauzaji wamehamia kwenye uso, usiohitaji kugusa. Lakini mwezi Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso. Katika nyingi, makosa ya kumdhania mtu kuwa mwingine yalizidi mara 10 hadi 100 kutoka kundi moja la watu hadi jingine, na miongoni mwa waliokosewa zaidi ni watu wa Afrika Mashariki. Zipo programu zilizofanya vizuri, na zimeendelea kuboreshwa. Swali ni ipi kati yake imo ndani ya kifaa cha bei nafuu kitakachofika Kiminini, na nani katika hospitali ndogo ana uwezo wa kuipima kabla ya kuilipia.

Chukua hesabu ya kukisia tu. Wodi ina wahudumu 30, kila mmoja hupita mlangoni mara 20 kwa siku, na mashine hukosea mara 2 katika kila 100. Mapito ni 600, na kukataliwa ni mara 12 kila siku. Mtu anayesukuma toroli la sahani za uji hatasimama kungoja mara ya tatu. Atatafuta jiwe, au kiti cha plastiki, akiegemeze mlangoni, na kuanzia hapo mfumo wa mamia ya maelfu ya shilingi utalindwa na jiwe. Sisemi hivi kuwadharau wauguzi. Wao ndio wanaojua kwamba mlango uliofungwa wakati wa dharura ni hatari kuliko mlango ulio wazi, nao huchagua ipasavyo. Na kwa anayedhani kidole angalau hakiwezi kuazimwa, uko mfano wa Brazil: mwaka 2013 daktari mmoja katika mji wa Ferraz de Vasconcelos, karibu na São Paulo, alikamatwa akiwa na vidole vya silikoni ambavyo alitumia kuwaandikia wenzake mahudhurio hospitalini ilhali hawapo.

Pingamizi zito zaidi ni la watoto wanaoibwa. Hakuna mzazi anayelisikia akatulia, nami sitaki kulipita juu juu. Februari 2018 mtoto mchanga aliibwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akapatikana baadaye. Je, mlango unaosoma vidole ungemzuia mwizi? Katika milango mingi ya aina hii mashine huwekwa upande wa kuingilia, na upande wa kutokea kuna kitufe cha kubonyeza. Mwizi wa mtoto huingia saa ya kuona wagonjwa, pamoja na wengine waliobeba thamosi na vikapu, na akitoka hubonyeza kitufe kama wao. Mashine inamjua aliyeandikishwa. Haijui kama mtoto aliyebebwa ni wa nani. Kinachofaa hapo ni bangili yenye nambari moja kwenye mguu wa mtoto na mkono wa mama, njia moja tu ya kutokea, na mtu aliyeketi hapo mwenye kazi ya kulinganisha bangili hizo mbili kabla mtoto yeyote hajavuka kizingiti. Halafu kuna hatari inayotoka ndani. Mwaka 2025 wagonjwa wawili waliuawa wakiwa wodini katika hospitali hiyo hiyo, mmoja Februari, mwingine Julai, na katika kisa cha pili aliyeshukiwa alikuwa mgonjwa mwenzake. Kufuli ya mlangoni haina la kusema kuhusu aliyekwisha kulazwa. Zamu ya usiku yenye macho ya kutosha ndiyo inayosema.

Basi wengine hujibu kwamba na upande wa kutokea ufungwe kwa kidole. Hapo ndipo ninaposimama kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, moto uliwashwa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu nyuma, huko Bombolulu, Kwale, wasichana 26 walikuwa wameteketea katika bweni lililofungwa vivyo hivyo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 uliandikwa na majivu hayo akilini: milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma. Wodi ya wazee au makao ya watoto wenye ulemavu ina watu wasioweza hata kukimbia kama wavulana wale. Kuweka katikati yao na hewa kifaa kinachotaka kidole kikavu kisicho na moshi ni kuusahau msiba tulioulipia kwa watoto wetu.

Na stima? Mwaka 2023 pekee taifa zima lilitumbukia gizani Agosti, Novemba na Desemba. Giza la Agosti liliukumba hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Anayekaa Kiminini hahitaji kukumbushwa kuhusu kukatika kwa kawaida wakati wa mvua na radi. Kufuli za umeme ni za namna mbili kuu. Ile ya sumaku hushika mlango muda wote stima ikiwapo, na stima ikipotea huachia: watu wa ndani wamesalimika, ila ulinzi umekwisha mpaka jenereta iwake. Nyingine hubaki imefungwa stima ikipotea: dawa zimesalimika, ila mtu aliye ndani amenaswa, isipokuwa mlango uwe na mpini wa kuufungulia kwa mkono. Mnunuzi ambaye hakuuliza ni ipi kati ya hizo mbili amenunua bahati nasibu. Kwa stoo ya dawa, ile inayobaki imefungwa yafaa. Kwa chumba cha mtu yafaa ile inayoachia, na kama huwezi kuikubali, basi huo mlango haukustahili kufuli ya umeme tangu mwanzo.

Nchi hii tayari imejifunza somo la mashine inayokwama bila njia mbadala. Tarehe 4 Machi 2013 vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi, vingine betri zilipoisha tu, na uchaguzi ukaokolewa na daftari la karatasi. Baadaye, mwaka 2017, Bunge liliingiza katika sheria ya uchaguzi takwa la kuwapo njia ya ziada ya kutambua watu pale teknolojia inaposhindwa. Kwenye mlango wa hospitali njia ya ziada ni mtu: askari anayejua zamu, matroni mwenye ufunguo. Ajabu ni kwamba mfumo huu huuzwa kwa ahadi ya kumpunguza mtu huyo. Desemba 2016, mgomo wa wahudumu wa afya ulipoanza, wagonjwa zaidi ya 100 walitoroka Hospitali ya Mathari, Nairobi. Kuta hazikuwa zimeanguka wala kufuli hazikuibwa. Waliokosekana ni wauguzi, na wao ndio waliokuwa mlango.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote, hata hivyo, halihusu hitilafu. Linahusu mashine inayofanya kazi sawasawa. Alama ya kidole ina historia yake katika ardhi hii ya Trans Nzoia, iliyokatwa mashamba ya walowezi. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole ndani ya kijisanduku cha chuma alichokivaa shingoni, na ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuajiriwa na siku ya kuachiliwa. Aliyeondoka shambani bila sahihi ya kuachiliwa alihesabiwa mtoro, akasakwa. Kidole hakikumfungulia mtu mlango, kilimzuia asitoke. Kipande kile kiliondolewa mwaka 1947, lakini jina limebaki mdomoni mwetu, maana mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande.

Usidhani hayo yamepita. Kwa miaka mingi hospitali za nchi hii, za umma na za binafsi, zimewazuilia ndani wagonjwa waliopona kwa sababu hawajalipa bili. Septemba 2015 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa kukosa pesa, kulivunja haki zao za uhuru na heshima. Mtindo huo haukuisha siku ile. Sasa fikiria wodi ambamo uso wa kila mgonjwa umeandikishwa siku ya kulazwa, na mfumo wa mlango umeunganishwa na mfumo wa malipo. Hakuna haja ya amri ya mtu yeyote. Deni likiwa halijasafishwa, mlango haumtambui. Askari wa lango huweza kuonewa haya na mama aliyebeba kichanga, huweza kusikia kilio, na ndugu wakikusanyika wakamsihi huenda akafumba macho. Mashine haina haya, na mhasibu aliyeiamuru hayupo mlangoni kulaumiwa. Watakaosema kwamba hakuna hospitali itakayofanya hivyo, ninawaomba wasome hukumu ya Pumwani kwanza.

Jambo hilo hilo huja kwa sura ya upole katika makao ya wazee. Mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu hutoka saa kumi alfajiri akitafuta ng'ombe aliowauza miaka 30 iliyopita, na familia hupagawa. Kamera inayoijua sura yake peke yake, ikawafungulia wengine wote na kumkatalia yeye, inaonekana kama huruma iliyokamilika. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Cheshire West, ilikataa mawazo ya namna hiyo: mtu aliye chini ya uangalizi wa kudumu na asiye huru kuondoka amenyimwa uhuru wake, hata kama chumba ni kizuri na wahudumu ni wema, na kwa hiyo lazima pawe na uamuzi wa kisheria unaoweza kupingwa na kupitiwa upya. Katiba yetu inalinda uhuru wa mtu katika kifungu cha 29 na heshima ya wazee katika kifungu cha 57. Mzee huyo anahitaji ua uliozungukwa na njia inayomrudisha alikoanzia, kengele inayomjulisha mhudumu kwamba mlango umefunguka, na mhudumu wa kuinuka akatembee naye. Wazee wengi wa Kiminini, kwa kweli, hutunzwa nyumbani na mabinti na wakaza wana, na hao ndio walioishi na swali hili bila kifaa chochote. Huweka kitanda chao karibu na mlango.

Kuhusu sheria ya data nitasema machache, kwa kuwa yako wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu bayometriki kuwa data nyeti na inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya uchakataji wenye hatari kubwa. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliiambia serikali yenyewe kwamba Huduma Namba ilikosea kwa kuruka tathmini hiyo. Hospitali ya kaunti au makao ya kanisa hayawezi kujidai yako juu ya hapo. Kidole cha mtoto kinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na katika makao ya watoto mlezi mara nyingi ndiye mwenye kufuli. Ridhaa ya mfanyakazi pia ina walakini, kwa sababu anayekataa anahofia kazi yake. Februari 2024 mdhibiti wa data wa Uingereza aliiamuru kampuni ya Serco Leisure iache kutumia nyuso na vidole kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000, akiona kwamba kadi zingetosha. Na data ikivuja haina tiba. Agosti 2019 watafiti walieleza kwamba hifadhidata ya BioStar 2, mfumo unaofungua milango ya majengo katika nchi nyingi, ilikuwa wazi kwenye intaneti ikiwa na alama za vidole za watu zaidi ya milioni 1. Nambari ya siri iliyovuja hubadilishwa asubuhi yake. Kidole mtu atazikwa nacho.

Mlango wa vitu, basi, unaweza kuhudumiwa vipi? Stoo ya dawa ni mahali ambapo bayometriki ina sababu nzuri. Dawa kali za maumivu huibwa, dawa za umma hupatikana zikiuzwa mitaani, na rejista ya kalamu huandikwa jioni kwa kukumbuka. Hapa wafunguaji ni wachache, wanajulikana, na kila ufunguzi ukiandikwa jina na saa hakuna mgonjwa anayeumizwa. Hata hapa ningetaka kiolezo cha kidole kikae ndani ya kadi anayoibeba mfanyakazi mwenyewe, mashine ilinganishe kadi na kidole papo hapo, kusiwe na rundo la vidole vya watu mahali pamoja. Asiyesomeka vidole apewe kadi na nambari ya siri bila kuulizwa mara mbili. Na zile dawa ambazo dakika hupima uhai, kama magnesiamu ya mama mwenye kifafa cha uzazi au oksitosini ya anayevuja damu, zisiwe nyuma ya mlango huo hata kidogo. Zikae kwenye sanduku la dharura wodini na friji iliyo karibu, zikihesabiwa kila zamu.

Kuna wanaoliona suala hili kama la maendeleo: Kitale na Bungoma zisiachwe nyuma na Nairobi. Ninawaelewa, lakini nawakumbusha kisa cha karibu zaidi. Agosti 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni, koridoni, katika hospitali ya wilaya ya Bungoma wakati huo, na picha zake zikasambaa nchi nzima. Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 kwa kuvunjiwa heshima. Alikuwa ameshaingia hospitalini bila kuzuiwa na mtu. Alichokikosa ni kitanda na mkunga wa kumwinua. Shilingi inayotafuta kazi katika hospitali za ukanda huu ianzie hapo, halafu iende kwa askari wa pili wa usiku, halafu kwa bangili za watoto, na ikisalia ifike kwenye kufuli ya stoo.

Wajumbe wa bodi za hospitali na kamati za makao, nanyi wazazi na jamaa mnaoalikwa kwenye mikutano yao, siku muuzaji atakapoleta kifaa cha mlango wa watu msimwulize bei kwanza. Mwombeni akifunge kwa siku moja. Usiku mlazeni mmoja wenu kitandani ndani ya chumba, amepakwa mafuta mikononi, kisha zimeni swichi kuu na mumwambie atoke mwenyewe. Akishindwa kutoka, kifungueni kifaa hicho ukutani na mwenye nacho aondoke nacho usiku ule ule.